Moshi Ule Ulikuwa wa Sabuni

Nimekosa. Naanza na hilo ili usije ukasoma mpaka katikati ukidhani namlalamikia mtu mwingine. Aliyekosa ni mimi, na mkono ulioandika ni huu huu ninaouandikia sasa.

Neno lenyewe ni moja tu: "Hakuna". Niliandika kwa wino wa bluu kwenye karatasi ya watu, nikatia sahihi chini yake. Ningejua yatakayotokea... hapana, ngoja. Nikisema ningejua nitakuwa nadanganya tena. Sehemu kubwa nilikuwa naijua.

Jina langu sitalitaja, wala la kijiji. Kiko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, upande wa kaskazini, ukishapita Gombe na Mwamgongo ukielekea mpakani. Kwa miaka ninayoisimulia, barabara hatukuwa nayo. Kila kitu kiliingia na kutoka kwa boti, kuanzia bati la nyumba mpaka mgonjwa. Shule niliishia darasa la saba, lakini nina mwandiko mzuri, na kwa ajili ya mwandiko huo walinichagua kuwa mjumbe wa serikali ya kijiji. Karatasi yoyote iliyofika ilikuja kwangu.

Mke wangu nitamwita Mama Zaituni, kwa jina la binti yetu, ambalo nalo nimelibadilisha. Alikuwa mtu wa Ujiji. Nilikuwa napeleka dagaa huko, nikamwona kwao, nikarudi kijijini nikaanza kumwandikia barua. Nyingi! Alizitunza zote kwenye kopo la maziwa ya unga. Barua hizo zikumbuke, nitazirudia.

Alipokuja kwangu alikuja na pipa. Mabibi harusi wengine huja na kitanda na vyombo. Yeye alishuka botini na pipa la chuma lililokatwa nusu, alilopewa na mama yake, na mwiko mrefu kama kasia. Watu pale ufukweni walicheka. Mmoja akaniuliza kama nimeoa mpika pombe.

Hakuwa mpika pombe. Alikuwa anatengeneza sabuni ya mawese.

Kwa usiyeijua kazi hiyo: mashada ya michikichi yakishatolewa ngazi zake, yaani matunda yanayokamuliwa mawese, makapi yanachomwa mpaka yawe majivu. Majivu yanachujwa kwa maji. Maji yale yanachemshwa pamoja na mawese na kukorogwa nusu siku, mpaka mwiko unakuwa mzito mkononi. Ikianza kupoa inafinyangwa madonge, makubwa kama ngumi. Rangi yake ni ya udongo, harufu yake ni ya moshi. Si sabuni ya kumwonyesha mgeni. Lakini sijaona nyingine inayoondoa harufu ya dagaa mikononi kwa kunawa mara moja.

Kazi yote iko kwenye kipimo cha maji ya majivu. Yakiwa makali mno, sabuni inachubua ngozi. Yakiwa mepesi, haishiki, inabaki uji. Mama Zaituni alikuwa anachovya unyoya wa kuku kwenye yale maji, anautoa, anautazama mwangani, kisha anasema "bado" au "tayari". Alichokuwa anakitazama kwenye unyoya sikuwahi kumwuliza. Miaka yote ile sikuwahi kuuliza!

Wenye michikichi mlimani walimletea mawese kwenye madumu. Wanawake watatu walifanya kazi kwake, kila mmoja akiendesha nyumba yake kwa kazi hiyo. Madonge yalipanda boti mpaka Kagunga, na upande wa pili mpaka Kibirizi pale Kigoma. Bati la nyumba yetu ni sabuni. Sare za shule za Zaituni ni sabuni.

Na mtu akiniuliza mke wangu anafanya nini, nilikuwa najibu, "Yupo tu nyumbani."

Nyumbani nilikuwa nasema anachezea moto. Neno biashara nililiweka kwa ajili ya dagaa, na dagaa wenyewe walikuwa wamenishinda. Nyavu zangu zilikuwa zimeoza, nimebaki kuwaanikia wenzangu. Hilo nilikuwa nalijua, naye alikuwa analijua, na hakuwahi kunisema kwa hilo hata siku moja.

Ndipo wakaja wakimbizi.

Walivuka kutoka Burundi, wengine kwa miguu juu ya milima, wengine kwa mitumbwi, wakajaa ufukweni mpaka pa kuanikia dagaa pakakosekana. Walikaa siku, wengine majuma, wakingoja boti la kuwapeleka Kigoma na kutoka hapo kambini. Watu walilala juu ya vifurushi vyao. Watoto wana vipele. Niliona mama anasugua nguo ya mtoto kwa mchanga kwa kukosa sabuni.

Mama Zaituni alijaza ndoo ya madonge, akashuka ufukweni, akagawa. Alirudi na ndoo tupu na mwanamke mmoja Mrundi, Speransia, mtu wa upande wa Rumonge ambako nao mawese wanayajua. Walielewana tangu siku hiyo. Speransia alimtania mke wangu kwamba Kiha chake cha Ujiji kinachechemea, naye akamwambia kwamba yeye anakoroga kama anayebembeleza mtoto. Basi kazi ikaenda. Jiko likawa linawaka kila siku badala ya mara mbili kwa juma, na Speransia ndiye mtu wa kwanza, na wa mwisho, kufundishwa ule unyoya.

Shirika moja la misaada likamtuma afisa wake kijijini. Alikuwa mtu wa mkoa wa mbali, mpole, viatu vyake vimelowa kwa kushuka botini. Mwenyekiti alikuwa amesafiri, kwa hiyo pale ofisini tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Akanieleza vizuri, wala sikuwa na cha kutoelewa. Kabla ya kuagiza vitu mbali, walitaka kununua vinavyopatikana hapa hapa: sabuni, vyungu, mikeka. Wenye biashara waandikwe majina. Watanunuliwa vyao, na watasaidiwa vifaa ili wakue.

"Wakimbizi wataondoka," alisema. "Tunataka wakiondoka, kijiji kibaki na kitu."

Kisha akauliza ni nani hapa anatengeneza sabuni.

Nikacheka kidogo, kama tunavyocheka mbele ya mgeni. "Bwana afisa, hapa hatuna kitu. Sisi ni watu wa hivi hivi tu."

Nataka uelewe jambo hili. Kwetu mgeni akija, hata kama umemchinjia mbuzi, unamwambia karibu, hatuna kitu. Ukitangaza ulichonacho unaonekana una majivuno. Naye mgeni anajua. Anakaa, anazungumza mengine, na baadaye chakula kinaingia. Ndivyo tulivyolelewa. Lakini yule afisa hakuwa wa kwetu. Alingoja kidogo, kalamu mkononi. Nami sikuleta chakula.

Akachungulia dirishani. Nyuma ya nyumba yangu moshi ulikuwa unapanda mweusi, mnene, kama unavyokuwa makapi ya michikichi yanapochomwa.

"Na ule moshi ni wa nini?"

"Wanawake wanapika."

"Moshi wote ule?"

"Wanapikia watu wengi, bwana afisa. Si unaona ufukwe ulivyojaa?"

Akacheka, nami nikacheka. Akanisogezea karatasi, akasema, "Basi jaza wewe, mjumbe, una mwandiko mzuri." Nikajaza. Biashara zilizopo: Hakuna. Watengenezaji wa sabuni: Hakuna. Niliandika taratibu, kwa herufi za kupendeza, nikapiga na mstari chini.

Usiku ule sikujiona mwizi. Nilijiambia nimefanya vile kwa adabu. Nikajiambia tena kwamba nimekisaidia kijiji, kwa sababu tulikuwa tumesikia habari za kijiji kingine ambacho kilisema hakina kitu kikaletewa maturubai na mablanketi mpaka yakabaki. Ukisema unacho, unaachwa. Tulikuwa tunaambiana hivyo vijiweni, na mimi nikalishika kama ndiyo kanuni ya serikali.

Sababu hizo mbili zote ni za kweli. Lakini iko ya tatu, nitaifikia. Bado naogopa kuiandika.

Boti la sabuni likaja. Maboksi kwa maboksi, sabuni ndefu, nyeupe, zimefungwa karatasi yenye ua. Wakagawiwa wakimbizi, na ili pasitokee manung'uniko, wakagawiwa na wenyeji. Kila nyumba ilipata. Boksi la nyumba yangu nililibeba mwenyewe begani, nikapita nalo mbele ya jiko la mke wangu.

Mama Zaituni aliifungua moja, akainusa. "Inanukia vizuri," alisema.

Alikaa nayo mkononi muda. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama wale watu hawakuuliza iwapo kijijini kuna anayetengeneza.

"Hawakuuliza," nikasema.

Hapo ndipo uongo wangu ulipokuwa mkubwa kuliko ule wa karatasi. Ule wa karatasi nilimwambia mgeni. Huu nilimwambia mtu aliyekuwa ananilisha.

Sikiliza jinsi biashara inavyokufa kijijini. Haifi kwa kishindo. Wiki ya kwanza watu waliokuja kununua walikuwa wachache. Wiki ya tatu hawakuja. Nani atanunua, na nyumbani ana boksi la bure? Madonge yakajaa chini ya kitanda chetu, yakapandana mpaka godoro likainuka upande mmoja. Wenye michikichi wakashuka na madumu yao, Mama Zaituni akawarudisha huku akiwaomba radhi, wakapandisha mlima na mzigo ule ule. Wanawake wake watatu waliendelea kuja asubuhi kwa mazoea, wanakaa, wanasuka mikeka, wanaondoka. Mwishowe hawakuja tena.

Moshi ukakoma. Mimi nilikuwa nimeuzoea ukiniingia machoni na kuulalamikia. Ulipokoma nikawa siwezi kuangalia nyuma ya nyumba.

Siku moja mke wangu akaamka, akapanga madonge kwenye ndoo, akajitanda khanga safi, akapanda boti la Kigoma. Aliniambia anakwenda kuwaona wale watu wa shirika awaonyeshe kazi yake, labda hawajui. Nilimsindikiza mpaka majini. Nikamshikia ndoo wakati anapanda. Ningeweza kumwambia palepale, maji yakiwa magotini! Nikamwambia safari njema.

Alirudi kesho yake na ndoo tupu. Nikadhani wamenunua. Kumbe alikuwa amewaachia madonge yote ili wayajaribu. Alipika, tukala. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu alitandika mkeka uani, akaketi, akaleta lile kopo la maziwa ya unga, akazitoa barua zangu za uchumba, akaanza kuzipanga moja moja.

Nikamwuliza anafanya nini.

"Afisa alinionyesha karatasi," alisema. "Alisema kijiji chenu kimesema hakuna mtu wa sabuni. Nikamwambia nionyeshe." Akainua barua moja, ile ya kwanza, ambayo ilianza kwa neno Habari. Akaweka kidole kwenye herufi ya H. "Mwandiko wako bado mzuri, Baba Zaituni."

Basi. Sikuwa na pa kujificha, maana mkia ninaouweka kwenye H naujua mwenyewe.

Niliomba msamaha. Nilisema ya adabu mbele ya mgeni, nikasema ya maturubai. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Hakulia, wala hakunitukana, ingawa ningemshukuru kama angenitukana. Alichoniambia ni kwamba nafasi bado ipo. Yule afisa aliyapenda madonge. Boti la pili la sabuni lilikuwa halijaagizwa. Kijiji kikiandika barua kwamba ile karatasi ilikosewa, barua ikafika kabla ya mwisho wa mwezi, watanunua kwake, na watampa na mapipa mengine mawili.

"Waandikie," alisema. "Ni barua moja tu. Mimi umeniandikia ngapi?"

Nikamwambia nitaandika.

Sikuandika.

Barua ya namna ile ilitakiwa isomwe kwanza kwenye kikao cha serikali ya kijiji ndipo igongwe muhuri. Mimi mjumbe nisimame mbele ya wenzangu niseme kwamba niliulizwa habari za sabuni huku jiko la mke wangu likifuka, nikakana. Nilianza mara nyingi. "Mimi mjumbe, nili..." nikasimama. Nilikuwa nawasikia wakicheka kabla hata hawajacheka. Mke wangu aliniuliza mara ya kwanza, nikasema kesho. Akaniuliza mara ya pili, nikasema kikao hakijaitwa. Mara ya tatu aliuliza kwa macho tu. Mara ya nne haikuwepo.

Mwezi ukaisha. Boti la pili likaja na maboksi yenye ua.

Sasa ile sababu ya tatu. Kwenye karatasi ya afisa palikuwa na nafasi ya jina la mwenye biashara. Nilipoiona nilifanya hesabu haraka kichwani. Ningeandika jina la mke wangu. Labda na la mwenye vyungu, na la mshona nyavu. La kwangu lisingekuwepo. Kijiji kizima kingesoma kwamba nyumba ile mwenye kazi ni yeye, na mimi ni wa kuandika tu. Sikuweza kuvumilia. Ndiyo hiyo. Adabu ilikuwepo, tamaa ya maturubai ilikuwepo, lakini kilichousukuma mkono wangu ni wivu, tena kwa mke wangu mwenyewe. Ole wangu!

Boti za kwenda kambini zikawa zinakuja mfululizo. Zamu ya Speransia ikafika. Alikuja kuaga, wakakaa na mke wangu kando ya jiko lililopoa, wameshikana mikono. Mama Zaituni akaingia ndani, akatoka na ule mwiko mrefu, akampa. Speransia akakataa, akalazimishwa. "Nzogaruka," alisema, yaani atarudi. Nilimwona ameketi botini na mwiko umesimama katikati ya magoti yake, mpaka boti likapotea.

Pipa likabaki bila mwiko.

Wakimbizi wakaisha ufukweni. Shirika nalo likafunga mizigo. Maboksi ya bure yakaisha, na hapo tukajikuta tunangoja sabuni ya dukani inayotoka Kigoma. Boti likija ipo, boti lisipokuja haipo. Wenye michikichi walikuwa wameshazoea kupeleka mawese yao mbali, na wengine walikuwa wameacha mashada yaozee juu. Nilimwambia mke wangu aanze tena. Aliniuliza aanze na nani.

Akaenda kufanya kibarua ufukweni, kubeba dagaa wabichi kutoka kwenye mitumbwi. Kazi hiyo unaingia majini kabla jua halijatoka, unatoka umelowa, upepo unakukuta. Mwanamke aliyeajiri watatu akawa anaitwa kwa mluzi. Mimi nilikuwa naanika dagaa hao hao hatua chache kutoka alipokuwa. Nilikuwa namwona.

Msimu wa mvua kifua kikambana. Zahanati walimpa dawa, wakasema apelekwe Kigoma upesi. Ziwa lilikuwa limechafuka. Siku ya kwanza boti halikutoka. Siku ya pili halikutoka. Siku ya tatu ziwa likatulia, lakini hapakuwa tena na mgonjwa wa kupeleka.

Sisemi kwamba neno langu ndilo lililomuua. Hakuna daktari aliyeniambia hivyo. Nasema tu kwamba mwanamke wa kusimama kando ya moto, mimi nilimtoa motoni nikampeleka majini.

Bado sijafika mwisho.

Wanawake waliingia ndani kumwosha. Aliyewaongoza ni Bi Tausi, jirani yetu, mama mtu mzima. Baada ya muda akatoka mlangoni, mikono imelowa, akanitafuta kati ya wanaume.

"Baba Zaituni, sabuni iko wapi?"

Nikaingia, nikatafuta. Hapakuwa na kipande. Nikakimbia dukani. Boti lilikuwa halijafika kwa siku tatu, mwenye duka akafungua mikono yake kunionyesha. Nikapita nyumba ya pili, ya tatu, nikiomba sabuni ya kumwoshea mtengeneza sabuni. Kila mlango ulikuwa na jibu moja, nami nalijua neno lake, ndilo nililoliandika. Hakuna.

Niliporudi mikono mitupu Bi Tausi hakuwa amenisubiri. Alikuwa amekwenda kwake, akafungua sanduku, akatoa donge moja lililofungwa kwenye kitambaa cha khanga, limekauka, limepasuka kidogo. Alikuwa ameliweka tangu zamani kwa kuwa ile yenye ua ilikuwa inamwasha.

Kazi ilipokwisha alikuja kuniambia mwenyewe. "Tumemwosha kwa ya kwake," alisema. "Ilitoa povu jingi."

Jamani, povu lile sikuliona, lakini nalala nalo na kuamka nalo.

Baada ya arobaini niliandika ile barua. Niliandika yote, mpaka sababu ya tatu, nikaomba kikao, nikasimama, nikaisoma. Nilikuwa tayari kwa kicheko. Hakuna aliyecheka! Walikuwa wameinamisha vichwa. Miaka yote niliogopa kitu ambacho hakikuwepo. Mwenyekiti akauliza kwa upole, "Sasa barua hii, mjumbe, tuipeleke wapi?"

Nikaikunja barua, nikarudi nayo nyumbani. Ninayo mpaka leo, ndani ya lile kopo, juu ya zile nyingine.

Zaituni sasa ni mtu mzima. Alinijia akaniambia anataka kuwasha jiko la mama yake, nimfundishe. Nimfundishe nini? Nikajaribu. Nilichoma makapi, nikachuja majivu, nikachemsha na mawese, nikachovya unyoya, nikautazama mwangani. Niliona unyoya. Sikuona kingine. Sabuni ya kwanza ilibaki uji. Ya pili ilimchubua mwanangu vidole mpaka damu. Ya tatu ilijitenga, mafuta huku, maji kule. Nimekwenda Ujiji kwa mama wa marehemu, nikakuta naye alishatangulia mbele ya haki. Nimekwenda kambini kumtafuta Speransia, nikaambiwa watu wa majina kama hilo ni wengi, wengine wamehamishwa, wengine wamerudi kwao. Nilimweleza kila niliyemkuta habari za mwanamke mwenye mwiko mrefu. Wakanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Pengine ni kweli.

Kama wako wanaosoma hapa wakamfahamu Speransia, mwambieni pipa bado lipo. Mwambieni kwamba Zaituni anamngoja.

Na wewe mwenzangu uliye kijijini, siku moja utaletewa karatasi. Mgeni atakuuliza hapo kwenu kuna nani na anafanya nini. Acha adabu ya kusema hamna kitu, adabu hiyo ni ya chakula. Andika wote. Andika mwenye cherehani chini ya upenu, na yule mama wa vyungu, na jina lao, na kazi yao, na kile wanachokosa ili waendelee. Kama ni mkeo, andika la kwake juu kabisa, hata kama la kwako halimo. Na ukiulizwa mkeo anafanya nini, usiseme yupo tu.

Mimi nikiulizwa sasa hivi, najibu kwamba mke wangu alikuwa na kiwanda cha sabuni. Watu wanashangaa, wanasema mbona hatukuwahi kusikia.

Hamkusikia kwa sababu yangu. Kwa hiyo nakuomba, mgeni akichungulia dirishani akakuuliza ule moshi ni wa nini, usimwambie wanawake wanapika. Inuka, umshike mkono, umpeleke akaone.